Sehemu ya 6: Kabla hujamsema dada wa kazi, angalia kibao cha kukatia

Tunaendelea na mambo ya jikoni. Leo najisema mwenyewe.

Mwanangu alipokuwa na miezi 10 aliharisha siku tatu. Tukampa ORS na zinki, akapona, namshukuru Mungu. Lakini kabla hajapona nilikuwa nimeshahukumu kesi: mkosaji ni dada wa kazi. Nikamfuata jikoni. Nikamkuta amemaliza kukata kuku, akapangusa kibao kwa kitambaa, akakigeuza upande wa pili, akashika papai la mtoto.

"Nani kakufundisha hivyo?"

Akanijibu kwa heshima zote, "Si wewe, dada? Ulisema upande mmoja wa nyama, mwingine wa matunda."

Jamani, nilinyamaza. Nesi mzima! Maji ya kuku hayajui upande. Yanachuruzika pembeni, yanakwenda chini, na ukigeuza kibao ndiyo unayawekea papai juu yake.

Siwezi kuapa kwamba ni kibao kilichomharisha. Kuharisha kuna njia nyingi. Lakini kuku mbichi anaweza kubeba vijidudu kama Salmonella na Campylobacter. Kuku utampika aive, vitakufa. Papai halipikwi. Kachumbari haipikwi. Hapo ndipo mtoto anapoumia.

Najua wengine mtakimbilia kutupa kibao cha mbao mkanunue cha plastiki, eti ndicho salama. Mimi nasema usitupe. Miaka ya 1990 kule Marekani, Dean Cliver na wenzake walipaka vijidudu kwenye vibao vya aina zote mbili. Kwenye mbao vilinyonywa ndani, havikurudi juu kirahisi, na vingi vikafia humo. Plastiki mpya ilisafishika vizuri, ila ikishachanjwa na kisu, kuiosha kwa mkono kulikuwa kazi ngumu. Kwa hiyo ugomvi si mbao na plastiki. Ugomvi ni kibao kimoja kufanya kazi zote.

Ushauri wangu: kabla hujanunua kibao kizuri, nunua viwili vya kawaida. Kimoja cha nyama, kuku na samaki wabichi. Kingine cha matunda, mboga na mkate. Vitie alama ambayo hata mgeni ataiona. Toboa tundu kwenye kile cha nyama, basi.

Ukienda kwa fundi seremala, mwombe mbao ngumu kama mninga au mtiki, kipande kimoja kisicho na nyufa. Usikubali mabaki ya mbao za paa zilizotiwa dawa ya mchwa, hata akikupa bure. Dawa ile si ya kuliwa. Na mwambie asipake vanishi, maana kisu kitaibandua na utaila.

Kutunza ni hivi:

Osha mara tu ukimaliza kukata, kwa maji ya moto na sabuni, pande zote mbili na pembeni. Kupangusa kwa kitambaa si kuosha, kitambaa kinahamisha uchafu tu.

Usikiloweke kwenye beseni na vyombo vingine. Mbao ikinywa maji inavimba, inapinda, kisha inapasuka.

Kisimamishe kikauke pande zote, penye hewa. Ukikilaza kikiwa kibichi, chini kitaota ukungu.

Kile cha nyama, baada ya kukiosha, unaweza kukimwagia maji ya klorini: kijiko 1 cha chakula cha dawa ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato, kwa lita 4 za maji. Acha dakika chache, suuza, kausha. Usichanganye kamwe na siki wala ndimu. Hutoa hewa ya sumu.

Ndimu na chumvi, kwa siku nyingine, vinasaidia kuondoa harufu. Havichukui nafasi ya sabuni.

Kikianza kukauka na kupauka, kipake mafuta ya likwidi parafini ya duka la dawa. Sisemi mafuta ya taa! Na chupa iwe mbali na watoto. Mafuta ya kupikia yanachacha, kibao kitanuka.

Kikipata ufa unaoshika uchafu, au ukungu na harufu visivyotoka, kiage. Ni kuni nzuri tu.

Na mtoto akiharisha usihangaike na kibao kwanza. Mpe ORS na zinki, endelea kumnyonyesha. Ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, hataki kunywa, anatapika kila kitu au amelegea, nenda kituo cha afya saa hiyohiyo.

Mimi jioni ile nilimwomba dada msamaha. Tukaosha kibao pamoja, wiki iliyofuata tukanunua cha pili, na sasa yeye ndiye polisi wa jikoni. Hata mume wangu kashakamatwa anakata nyanya kwenye kibao chenye tundu. Mama mwenzangu, yule binti hufanya anachokuona wewe ukifanya. Ukitaka kumsema, anza na mikono yako.

Sehemu ya 7 tutaongelea kitambaa cha jikoni. Jiandaeni, kile nacho kina kesi yake.