Jina Moja, Ukoo Mmoja?

Kama wewe na mchumba wako asili yenu ni Kagera, liko swali ambalo wazee wataliuliza mapema kabisa, pengine kabla hata ya kuuliza unafanya kazi wapi: "Wewe ni wa ukoo gani?" Mkitaja jina lilelile wote wawili, basi tena! Kahawa inapoa mezani, mashangazi wanatazamana, na mshenga anaanza kutafuta viatu vyake mlangoni.

Tuseme binti kwao ni Ngara, kijana kwao ni Biharamulo, wamekutana Mwanza kazini. Miaka miwili wanapendana, grupu la WhatsApp la michango limeshafunguliwa, ukumbi umelipiwa nusu. Leo wanaambiwa eti wao ni kaka na dada. Je, ni kweli? Jibu langu ni kwamba jina peke yake halitoshi kusema ndiyo, na halitoshi kusema hapana.

Hebu tuanze na kwa nini majina yanafanana. Ukanda wetu wa Maziwa Makuu una koo zilizotawanyika kupita mipaka ya wilaya, makabila na hata nchi. Chukua Bahinda, wanaojihesabu kuwa wametokana na Ruhinda. Walitawala Karagwe, Ihangiro, Uzinza na Usubi, ambayo ni Biharamulo ya leo. Walitawala pia Nkore, kule Uganda. Mwiko wao ni nkende, yaani tumbili. Au chukua Babito wa Kiziba, wanaojihesabu kuwa jamaa wa Babito wa Bunyoro. Mipaka ya wilaya imekuja juzijuzi tu. Hata Bugufi, ambayo leo iko ndani ya Wilaya ya Ngara, zamani ilikuwa na uhusiano wa karibu na ufalme wa Burundi, na Kihangaza ukikisikiliza, Kirundi hakiko mbali.

Lakini jina kusafiri si lazima damu nayo isafiri. Ng'ambo ya daraja la Rusumo, Rwanda inahesabu koo kubwa zipatazo 18, na katika ukoo mmoja utawakuta Wahutu, Watutsi na Watwa. Wote hao hawawezi kuwa na babu mmoja wa karibu, na kule jina la ukoo peke yake halikuwa kizuizi cha ndoa. Mwanahistoria David Newbury, katika makala yake ya mwaka 1980 kuhusu koo za Rwanda, alieleza kuwa koo hizi zimejengwa na kubadilika kadiri watu walivyohama na tawala zilivyopanuka. Mgeni akiingia nchi mpya alihitaji wenyeji wa kumpokea, na njia rahisi ilikuwa kujiunga na watu wenye mwiko kama wake. Baada ya vizazi kadhaa, nani atakumbuka kuwa alikuja na mzigo kichwani?

Wala jambo hili si letu peke yetu. Vyuo vikuu vya Marekani vina vyama vya wanafunzi, vya kiume na vya kike, vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki, na wanachama wake huitana kaka na dada hadi uzeeni. Sasa herufi zenyewe ni 24 tu, majina yataachaje kugongana? Kuna Kappa Alpha iliyoanzishwa mwaka 1825 katika chuo cha Union, New York, na kuna Kappa Alpha nyingine iliyoanzishwa Virginia mwaka 1865. Alpha Phi ya mwaka 1872 ni ya wanawake, Alpha Phi Alpha ya mwaka 1906 ni ya wanaume. Ukitaka kujua kama mwenzako ni "ndugu" yako kweli, unauliza chama chake kilianzia wapi. Na sisi tufanye hivyo hivyo.

Kabla ya posa, narudia, KABLA ya posa, kaeni na wazee wa pande zote mbili muulize haya:

1. Mwiko wenu ni upi? Jina likifanana lakini muziro ukatofautiana, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni koo mbili.

2. Mlango gani? Ukoo mkubwa una matawi. Tajeni majina ya mababu, mmoja mmoja, muone kama yanakutana.

3. Walihamia kutoka wapi, na walipokewa na nani? Hapa ndipo wazee hufunguka.

4. Kwa mama je? Vijana wengi wanahangaika na ukoo wa baba, kumbe bibi zao wawili ni mtu na mdogo wake!

5. Kuna omukago? Wazee waliochanjiana damu walihesabiana ndugu, na familia nyingine bado zinaheshimu kiapo hicho.

Kisheria, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza ndoa kati ya ndugu wa karibu: mzazi na mtoto, babu au bibi na mjukuu, kaka na dada, shangazi, mjomba na wapwa zao. Ukoo haumo kwenye orodha hiyo. Lakini mwenzangu, cheti kinatolewa na serikali, mtoto analelewa na ukoo. Ukishinda kesi halafu siku ya arusi viti vya upande mmoja vikabaki vitupu, umeshinda nini?

Kwa hiyo usiwadharau wazee. Mwiko huu ulilinda damu zisikaribiane mno, na ulizilazimisha koo zitafute wakwe mbali, zipate marafiki wa siku ya njaa na siku ya vita. Ila na wazee nao wasitishe ndoa kwa kusikia jina tu, bila kuhesabu mababu.

Na kama hofu yenu ni afya ya watoto, nendeni pamoja mkapime selimundu, ugonjwa ulioenea sana Kanda ya Ziwa. Wazazi wote wawili wakiwa na vinasaba vyake, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa, hata kama mmoja katoka Ngara na mwingine Newala. Kipimo hicho hakiulizi ukoo.

Mwezi huu, basi, mpigie bibi simu. Mwulize majina ya mababu, yaandike kwenye daftari, umsomee mchumba wako. Mkikuta mnakutana kwa babu wa tatu, ni heri machozi ya leo kuliko ya baada ya arusi. Msipokutana popote, mna jibu la kuwapa mashangazi, tena kwa majina.

Tukutane mwezi ujao.