Gari la Plagi, Nyumba Bila Plagi

Niliandika uongo kwa shilingi mia mbili. Tangazo lilikuwa la mistari minne, chini ya picha ya Mitsubishi Outlander PHEV nyeupe, na mstari wa tatu ulisema: "Lita moja, kilomita 60 na zaidi!" Pesa iliingia kwa M-Pesa jioni hiyo hiyo. Yadi yenyewe siitaji, maana mstari kama huo utaukuta kwingine pia, na huu wa hapa niliuandika mimi, si yadi.

Laiti mnunuzi angekuwa mtu nisiyemjua. Mnunuzi alikuwa mjombangu.

Mjomba anaishi Mishomoroni, Kisauni, ghorofa ya tatu. Anaendesha teksi ya programu na abiria wake wa maana ni wale wa uwanja wa ndege wa Moi, kule Changamwe. Aliuza Fielder yake, akachukua mkopo wa sacco, na kabla hajalipa akanipigia simu. "Mpwa wangu, wewe ulisomea stima. Haya mambo ya lita moja kilomita sitini ni kweli?" Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda, lakini kwetu miaka mitatu ya uhandisi wa umeme bado inahesabika. Nikamjibu, "Ni kweli, Mjomba."

Leo nataka kusema mambo mawili, na najua kila upande utataka kusikia moja tu. Gari lile ni zuri, tena linaifaa Mombasa kuliko magari mengi tunayoyatamani. Na sisi, kuanzia mwenye yadi hadi mwenye nyumba hadi serikali, tumelifanya liwe hasara.

Hebu tuanze na uzuri wake, maana maskani pale nasikia watu wakisema ati haibridi zote ni utapeli.

Outlander hii ilianza kuuzwa Japani Januari 2013. Ilikuwa na injini ya petroli ya lita mbili, betri ya kilowati-saa 12 chini ya sakafu, na mota mbili za umeme, moja mbele na moja nyuma, kila moja ya kilowati 60. Hakuna shafti inayopita katikati ya gari kupeleka nguvu nyuma. Magurudumu ya nyuma yana mota yao. Hakuna giaboksi ya kupanda na kushuka gia kama uliyoizoea. Betri ikiwa na chaji, unaenda kwa umeme mtupu, kimya, injini imelala. Chaji ikipungua, au ukikanyaga kwa nguvu, injini inaamka, lakini kazi yake ni kuzungusha jenereta, nayo jenereta inalisha mota na betri. Ukifika mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa ndipo klachi inafunga na injini inasukuma magurudumu ya mbele yenyewe, kwa sababu kwa mwendo huo ndiyo njia yenye upotevu mdogo. Ukiachilia mafuta, mota zinageuka kuwa jenereta, gari linapunguza mwendo na stima inarudi kwenye betri. Vipedali viwili nyuma ya usukani vinakuchagulia ukali wa breki hiyo.

Toleo lililoingia sokoni Japani mwaka 2018 liliongezwa nguvu: injini ya lita 2.4, betri ya kilowati-saa 13.8, mota ya nyuma kilowati 70. Hilo ndilo alilonunua Mjomba. Sheria yetu hairuhusu gari lililopita miaka minane kushushwa bandarini, kwa hivyo zile za mwanzo hutaziona zikiingia tena.

Sasa chukua gari hilo uliweke bara hii yetu. Foleni ya feri Likoni, saa kumi na mbili asubuhi: unasogea gari moja, unasimama, unasogea tena. Gari la kawaida linachoma petroli hapo ili tu AC isizime. Hili linakaa kimya. Daraja la Nyali jioni, hivyo hivyo. Makupa, lori za kontena zikikupumulia shingoni, hivyo hivyo. Kusimama na kuondoka ndiko kunakoua injini na ndiko mota ya umeme inakofurahia. Na siku ukipata mteja wa Diani ukapitia Dongo Kundu, barabara imenyooka, injini inafunga klachi inakupeleka bila wewe kuuliza kituo cha kuchajia kiko wapi. Safari zetu nyingi za kila siku ni fupi. Kutoka Mishomoroni hadi uwanja wa ndege haizidi kilomita ishirini na kidogo. Kama kuna mji uliochorwa kwa ajili ya betri ndogo na injini ya akiba, ni huu.

Basi mbona Mjomba alikuwa akitia mafuta kila siku?

Kwa sababu ya ule mstari wangu. Serikali ya Japani ilikuwa na kipimo kilichoitwa JC08, na kwa kipimo hicho Outlander ya 2013 ilipewa kilomita 67 kwa lita. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba dereva anachomeka gari na kwamba sehemu kubwa ya safari zake inakwenda kwa stima, kisha stima yenyewe haihesabiwi kuwa mafuta. Mwenyewe nilijua. Kwenye karatasi hizo hizo kulikuwa na nambari nyingine, ya gari likienda bila chaji ya ukutani: 18.6. Nayo ilipimwa maabara, si Kongowea siku ya soko. Nikachukua kubwa nikaacha ndogo. Mjomba, bila kuchomeka hata siku moja, alikuwa akipata kama kumi na moja.

Na kuchomeka angechomeka wapi?

Gari lilishuka bila waya wake wa kuchajia. Aliyekuwa nao kati ya Japani na Changamwe hatukumjua kamwe. Mjomba akatafuta wa mtumba, elfu ishirini na tano, akaja nao nyumbani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Parkingi ya ploti haina soketi. Akaomba kwa mwenye nyumba, akajibiwa kwamba gari si mpangaji. Akafikiria kuteremsha waya dirishani kutoka ghorofa ya tatu, nikamkataza. Hapo elimu yangu ya nusu ilifaa: waya mwembamba uliokunjwa kwenye kibiringo, ukiupitisha ampea kumi usiku kucha, unapata moto, na siku moja ploti nzima inaamka nje na magodoro.

Siku stima ilipopotea Kisauni, akakumbuka soketi iliyoko nyuma ya gari, ile ya wati 1500 ambayo na yenyewe niliisifu kwenye tangazo. Akachomeka feni. Feni ikazunguka kama mtu anayekoroga uji. Soketi ya Kijapani inatoa volti 100, feni yetu inataka 240. Watoto walicheka, na mimi nikacheka, halafu nikaona yeye hacheki.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Nikinunua tokeni ya elfu moja napata yuniti thelathini na kitu. Kujaza betri ile kutoka chini kunakula kama yuniti kumi na mbili ukutani, yaani shilingi mia nne hivi, na ndani ya jamu yetu, AC ikiwa imewashwa, Mjomba anapata karibu kilomita arobaini. Kilomita hizo hizo kwa petroli, kwa lita moja kilomita kumi na moja, ni lita tatu na nusu na zaidi. Lita ikiwa mia na themanini, hiyo ni mia sita na hamsini. Tofauti ya mia mbili na hamsini kila siku unaweza kuiona ndogo ikiwa hujawahi kulipa mkopo wa sacco. Na Septemba 2023, lita ilipovuka mia mbili, haikuwa ndogo kwa yeyote. Bila plagi, umebeba betri nzito ya bure kila mahali, kama mtu aliyenunua mtungi wa maji akautembeza mtupu.

Msidhani ni ujinga wa waswahili. Uingereza, mwaka 2018, iliripotiwa kwamba magari ya kampuni ya aina hii yalirudishwa na waya za kuchajia zikiwa bado kwenye nailoni. Watu walifuata nafuu ya kodi. Na Machi 2024, Kamisheni ya Ulaya ilitoa takwimu zilizosomwa kutoka kwenye magari yenyewe: haibridi za kuchomeka zilikuwa zikitoa hewa ya kaboni mara tatu na nusu ya ile iliyoandikwa kwenye vyeti. Wao wana soketi barazani na bado. Sisi je?

Ndiyo maana nasema lawama igawanywe sawasawa.

Mwenye yadi: andika nambari mbili. Kilomita kwa stima, na kilomita kwa lita betri ikiwa imeisha. Onyesha waya kwenye picha. Kama waya haupo, sema haupo. Kama unauza volti 100, mwambie mtu feni yake haitaenda.

Mwenye nyumba: najua hoja yako na sikucheki. Nyaya za ploti nyingi ni za zamani, na mtu akiiba stima kwenye taa za ngazi, bili ni yako. Lakini hakuna aliyeomba kuiba. Laini moja kutoka kwenye boksi la mita, waya nene wa mili nne, bureka yake, kinga ya kukata stima ikivuja, ethi ya kweli, na mita ndogo ya kusoma yuniti alizotumia mpangaji. Fundi alitupigia bei ya elfu kumi na nane, na Mjomba alikuwa tayari kuilipa yote mwenyewe. Kiasi cha stima kinachohitajika ni kama cha birika la umeme lililosahaulika likichemka usiku. Unaruhusu friza tatu za samaki kwenye ploti hiyo hiyo.

Na serikali: mwaka 2023, EPRA iliweka tarifa ya magari ya umeme, shilingi 16 kwa yuniti kabla ya kodi, na nane usiku. Vizuri sana. Lakini tarifa hiyo ni ya mita za kuchajia magari, na mpangaji wa ghorofa ya tatu ana tokeni tu. Kaunti inaidhinisha maghorofa Kisauni na Likoni kila uchao. Kumlazimisha mjenzi aache bomba moja la plastiki kutoka kwenye mita hadi parkingi, kabla ya kumwaga zege, ni gharama ya kuchekesha. Kuvunja ukuta baadaye ndiyo gharama.

Kuna wenzangu watasema tuache haya magari ya nusu nusu, tungoje ya umeme kamili. Ngojeni. Gari la umeme kamili litakuja kwenye parkingi ile ile isiyo na soketi, na halitakuwa na injini ya kukuokoa.

Mwisho wa yote Mjomba alijitafutia. Kuna fundi wa kuchomelea vyuma mtaa wa pili, ana laini nene kwa sababu ya mashine zake. Saa nne usiku Mjomba anaacha gari kwenye karakana, analipa mia nne na hamsini, anarudi nyumbani kwa miguu. Saa kumi alfajiri anatembea tena kulichukua. Ana miaka hamsini na sita.

Usiku mmoja nilimsindikiza, na njiani nikamwambia kuhusu tangazo. Mistari minne, shilingi mia mbili, jina langu halikuwepo. Alinyamaza hadi tukapita msikiti. Kisha akasema, "Ulikuwa na njaa?" Nikasema ndiyo. "Basi sasa umeshiba. Niandikie barua ya mwenye nyumba, lakini hii uandike ukweli."

Nimeiandika. Ina mistari zaidi ya minne: bei ya fundi, ukubwa wa waya, mita ya kusoma yuniti, na ahadi ya mpangaji kulipa. Wapangaji wengine watatu wametia saini, mmoja wao hana hata baiskeli. Ukiitaka ya ploti yako, nitakupa nakala. Ya kwetu inapelekwa Ijumaa baada ya swala.