Binti mwenye pumu asiambiwe itaisha akikua

Katika nyumba zetu kuna maneno mawili husemwa juu ya pumu, na yote mawili yanawaumiza mabinti na wake zetu. La kwanza: "Akishabaleghe itakwisha." La pili husemwa akishaolewa, akikosa pumzi usiku: "Ana wasiwasi huyo," au, "Kapandisha."

La kwanza lina asili yake. Utotoni pumu huwapata zaidi wavulana. Kabla ya miaka 14 wao hukaribia kuwa mara mbili ya wasichana. Njia za hewa za mtoto wa kiume ni nyembamba ukilinganisha na ukubwa wa mapafu yake. Akibaleghe hupanuka, na wengi hupata nafuu. Watu wakaona wavulana wanapona, wakawajumlisha na dada zao. Lakini baada ya kubaleghe mizani hugeuka. Kwa watu wazima wanawake ndio wanaougua zaidi, na wapo ambao hawakuwahi kubanwa kifua utotoni, pumu ikawaanza ukubwani.

Kwa nini? Nitaeleza kwa lugha ya jikoni. Jeni ni maelekezo yaliyomo ndani ya seli za mwili, na mwanamume na mwanamke wana jeni karibu zote zilezile. Kinachotofautiana ni kiasi ambacho kila jeni inafanya kazi. Wapishi wawili wana viungo vilevile, ila pilau ya mmoja inanukia hiliki, ya mwenzake bizari imezidi. Mwaka 2020 watafiti wa mradi wa GTEx wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa aina 44 za tishu kutoka kwa watu 838 waliokwishafariki. Asilimia 37 ya jeni zilifanya kazi kwa kiasi tofauti baina ya wanaume na wanawake, angalau katika tishu moja. Tofauti nyingi ni ndogo, na hakuna jinsia iliyo dhaifu hapo. Ni bizari tu.

Mmoja wa wapishi hao ni homoni. Tafiti za mwaka 2017 zilionyesha kwa panya kwamba testosteroni, homoni ya kiume, huzipoza chembe fulani za kinga zinazochochea uvimbe wa pumu mapafuni. Damu ya wanawake wenye pumu nayo ilikutwa na chembe hizo kwa wingi kuliko ya wanaume. Kwa hiyo mkeo akikuambia kifua humbana zaidi siku chache kabla ya hedhi, hazushi. Ni jambo linalojulikana hospitali.

Sisi tuliosoma chuoni hatukanushi kuwepo kwa majini. Ila kifua kinachopiga filimbi, kikohozi cha alfajiri, na pumzi inayokatika kila mkaa ukiwashwa ni dalili za pumu mpaka apimwe. Kisomo na dawa havigombani: avute dawa kwanza, kisha msomeeni.

Mahali ninapoona hatari kubwa zaidi ni ujauzito. Mama akishika mimba huambiwa aache dawa ya kuvuta "isimdhuru mtoto". Ushauri huu ni mbaya. Takriban theluthi moja ya wajawazito wenye pumu huzidiwa, theluthi hupata nafuu, na waliobaki hukaa vilevile. Hujui wako ataangukia wapi. Mtoto tumboni hupumua kwa mapafu ya mama yake. Mama akikosa hewa naye hukosa, na pumu isiyodhibitiwa huongeza uwezekano wa kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Dawa za kuvuta za pumu, pamoja na zile zenye steroidi, zimetumiwa na wajawazito wengi kwa miaka mingi. Kuziacha kuna hatari kuliko kuzitumia. Mama mkwe, tafadhali, jambo hili tuachie sisi wa zahanati.

Tena tusizitupie jeni mzigo wote. Nani anayeinamia jiko la kuni na mkaa, kama si mama na binti? Nani anayepepea chetezo cha udi chumbani usiku wa kuamkia Ijumaa, madirisha yamefungwa? Udi una heshima yake kwetu, lakini moshi ni moshi. Fukizeni nguo uani, mgonjwa akiwa mbali. Na wewe baba unayevutia sigara barazani, upepo huingia ndani.

Swali la gharama naliwekea wenye mifuko. Pampu ya buluu ya kutuliza ndiyo hununuliwa, ile ya kuzuia uvimbe ikaachwa. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA unashauri watu wazima na vijana wasitegemee ya kutuliza peke yake, kwani haitibu uvimbe. Mpeleke binti yako kliniki, uulizie hasa dawa ya kuzuia yenye steroidi, na mkumbushe kusukutua mdomo kila baada ya kuivuta.

Akishindwa kumaliza sentensi moja bila kutweta, au pampu isipomtuliza, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, amekaa wima, na pampu aendelee kuivuta njiani.