Usinigeuze rangi ya thao

Wasee, leo sizungumzii kamera gani ununue. Nataka tugombane kidogo kuhusu uso wa mtu mweusi akiwa nje, juani.

Chukua programu yoyote ya mazishi huku kwetu, iwe Ndalu, Kitale ama Bungoma mjini. Angalia picha ya jalada. Mara nyingi marehemu anakaa kama amemwagiwa unga. Paji la uso ni jeupe, mashavu hayana umbo, na ile rangi yake iliyokolea, ambayo ungemtambua nayo akiwa bado mbali barabarani, imefutwa. Juzi kwenye matanga nilisikia kijana akimnong'oneza mwenzake, "Huyu ni kukhu kweli?" Alikuwa mjukuu wake, manze. Na kwa familia nyingi hiyo ndiyo picha itakayowekwa fremu na kutundikwa sebuleni miaka yote ijayo.

Sasa mnisikize. Picha kama hiyo huharibika mara mbili: kwanza wakati wa kupigwa, halafu kwenye kompyuta.

Ukiiachia kamera ijiamulie, yenyewe inataka kila kitu kiwe na mwangaza wa wastani, kijivu hivi. Uso mweusi ukijaza fremu, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na unachujuka. Mbingu nyeupe ikijaza fremu, inapunguza, na unabaki kivuli chenye meno. Haijui wewe ni nani. Inapiga hesabu tu.

Na hesabu zenyewe hazikuanza na sisi. Enzi za filamu, Kodak ilituma kwa maabara za kusafisha picha kadi ya kupimia rangi yenye mwanamke mzungu, maarufu kama Shirley. Akitoka vizuri, mashine iko sawa. Wengine mtajipanga. Waliofanya kazi huko walikuja kueleza kwamba msukumo mmoja wa kurekebisha rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na fanicha. Yaani meza ililalamikiwa kabla yetu! Google ilileta Real Tone kwenye Pixel 6 mwaka wa 2021, na Tecno wamejijengea jina Afrika kwa kamera zilizopangwa kwa ngozi nyeusi. Sawa, ni hatua. Lakini simu haiwezi kukusaidia kama umemsimamisha bibi harusi juani saa saba mchana.

Tuko chini ya digrii moja kutoka ikweta. Hapa jua hufika juu kabisa kama saa sita na dakika arobaini, na Machi na Septemba linakuwa karibu utosini. Macho yanakuwa mashimo, pua inatupa kivuli mdomoni, na gauni jeupe linaungua. Nikisema linaungua namaanisha hivi: kwenye picha ya kawaida ya simu, kila nukta hupimwa kuanzia 0 hadi 255. Ikifika 255 ni nyeupe tupu, hakuna lesi wala mshono ndani yake, na hakuna programu itakayourudisha. Kivuli unaweza kukiinua kidogo baadaye, hata kama picha itakuwa na chembechembe. Kwa hivyo mimi hulinda mwanga kwanza. Gusa uso kwenye skrini, na kale kajua kadogo kakitokea, kateremshe mpaka uone nyuzi za gauni. Halafu mgeuze mtu kuelekea kwenye mwanga, usimng'arishe kwa kidole.

Wale walimu wa YouTube hukuambia ungoje saa ya dhahabu. Huko London mwezi wa Juni jua linatelemka kimshazari, taratibu, na wana muda wa kubadilisha nguo. Hapa linashuka wima. Digrii sita za mwisho zinaisha kwa dakika 25 hivi, na kukiwa na mawingu upande wa Mlima Elgon, hata hizo hupati. Msafara wa harusi wenyewe umechelewa masaa matatu. Utangoja nini?

Tumia kilichopo. Msimamishe mtu kwenye kivuli cha paa la mabati, hatua moja ndani, akiangalia nje. Udongo wetu mwekundu utamrudishia mwanga wa joto kutoka chini, bure kabisa. Gunia jeupe la mahindi likishikwa na mtoto wa jirani upande mmoja linafanya kazi ya kile kifaa cha kurudisha mwanga wanachokuuzia mjini. Chini ya miti kuwa makini, maana majani huacha madoa ya jua usoni. Na tenti! Tenti nyeupe ni zawadi, inalainisha jua lote. Ya bluu inampa kila mtu sura ya mgonjwa, kwa hivyo watoe nje hata mchungaji akikasirika.

Halafu kuna mng'ao. Wenzangu wengi wakiona paji la uso linang'aa wanakimbilia poda. Mimi nawaomba waiache. Kwenye ngozi nyeusi umbo la uso linaonekana zaidi pale mwanga unapogusa: mfupa wa shavu, daraja la pua, kidevu. Ukiondoa hapo, umebaki na bapa. Ava Berkofsky, aliyeshika kamera kwenye tamthilia ya Kimarekani Insecure, ameeleza kwamba huwataka waigizaji wapakwe vitu vinavyorudisha mwanga. Mama yako alijua hayo alipokupaka Vaseline mpaka magotini kabla ya picha ya shule.

Ile ya kwenye kompyuta ndiyo inaniudhi zaidi, kwa sababu hiyo hufanywa makusudi. Kuna studio niliwahi kufanyia kazi baada ya kutoka chuo, na amri ilikuwa moja: kila uso upandishwe mpaka ukaribie rangi ya thao, mteja asiulizwe. Ati wateja wanapenda. Ni kweli wengine wanapenda. Kuna dada alinitumia ujumbe, "Nifanye light kidogo," nikamtumia mbili, moja alivyo akiwa chini ya mabati na nyingine niliyoichuja. Alichagua ya kwanza. Mwingine alichagua ya pili, akalipa, hakurudi tena. Ni haki yake, uso ni wake.

Lakini marehemu hawezi kuulizwa. Kwa hivyo bei yangu ya picha za programu inajulikana: shilingi mia mbili kusafisha picha ya zamani, kuondoa mikunjo na madoa ya maji. Rangi ya ngozi siigusi, hata kama mwenyekiti wa kamati ya mazishi ataniongezea.