Swichi za Mtandao: Nani Anaruhusiwa Kuzisoma, Nani Hupokea Tahadhari

Tangu kutungwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, huduma nyingi za umma nchini Tanzania zimeendelea kuhamia kwenye mifumo ya kielektroniki. Mwananchi anayeambiwa dirishani kuwa mtandao unasumbua anastahili kufahamu tatizo linaweza kuanzia wapi. Chanzo kimojawapo ni swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi, ambacho ni wachache hukikumbuka kabla hakijazimika.

Swichi nyingi za ofisini huweza kufuatiliwa kwa itifaki ya SNMP. Mtambo wa ufuatiliaji huuliza hali ya kifaa kupitia mlango namba 161, na swichi yenyewe hutuma tahadhari kupitia mlango namba 162. Tatizo ni kwamba matoleo ya awali ya itifaki hiyo hulindwa na neno moja tu, tena husafiri bila kufichwa, na vifaa vingi vimetoka kiwandani neno hilo likiwa "public". Anayelijua husoma muundo wa mtandao. Akipata na neno la kuandika, hubadili mipangilio.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Aprili 2023, Uingereza na Marekani zilitangaza kuwa kundi la wadukuzi la APT28, linalohusishwa na ujasusi wa kijeshi wa Urusi, lilitumia itifaki hiyohiyo mwaka 2021 kuingia kwenye ruta za Cisco, zikiwemo za waathirika takriban 250 nchini Ukraine. Kasoro iliyotumika ilikuwa imetangazwa tangu mwaka 2017. Miaka minne ni muda mrefu mno kwa ofisi yoyote kusubiri.

Toleo la tatu, lililopitishwa kuwa kiwango kamili cha intaneti mwaka 2002, humtambua mtumiaji kwa jina na nywila, na huweza kuficha ujumbe. Hata hivyo, ruhusa ibaki ya kusoma tu, kwa anwani ya mtambo wa ufuatiliaji pekee.

Upande wa tahadhari hupuuzwa zaidi. Tahadhari ya kawaida hutumwa mara moja bila kusubiri jibu. Ikipotea njiani, imepotea. Aidha, swichi inayoarifu kila kompyuta inapozimwa jioni humzoesha fundi kutosoma chochote. Taarifa za viungo vikuu na umeme zinatosha kwa kuanzia, na zimfikie aliye zamu, si mtumishi aliyekwishahamishwa. Kiungo kikuu kikikatika, barua pepe inayopita humo humo haitafika. Ujumbe mfupi wa simu utafika.