Mkono wa Kushoto wa Mugwe: Tuanzie Wapi Kuisoma Fasihi ya Kitisho cha Ulimwengu?

Kila mwaka wanafunzi wa uzamili hutuuliza swali lilelile, na kila mwaka wengi wetu hulijibu vibaya. Anayetaka kuisoma fasihi ya kitisho cha ulimwengu aanzie wapi? Jibu ambalo limekuwa kama kauli ya msahafu ni kwamba aanze na H. P. Lovecraft, na kwa Lovecraft aanze na "The Call of Cthulhu", hadithi iliyochapwa katika jarida la Weird Tales mwezi wa Februari 1928. Tunadai hapa kwamba jibu hilo ni kosa la kihakiki wala si suala la ladha tu, na kwamba ubovu wake hudhihirika zaidi linapotolewa mbele ya wanafunzi waliolelewa Meru na Embu.

Kwanza tukubaliane juu ya istilahi. Kwa kitisho cha ulimwengu hatukusudii hadithi za mazimwi, mizimu na majini, ambazo Kiswahili kinazo tele. Zimwi lina njaa. Linamtaka binadamu limle, na kwa hiyo binadamu ana thamani machoni pake. Huria, jini wa Shaaban Robert katika Adili na Nduguze (1952), huwaadhibu waliodhulumu, ana sheria. Naye Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alikwisha kutufundisha kwamba nyuma ya mzimu huenda amejificha mtu mwenye kisu na tamaa. Kitisho tunachokizungumzia ni kingine kabisa. Huanza pale ambapo kilicho nje ya binadamu hakimchukii wala hakimpendi, kwa kuwa hakina habari naye.

Wapo wenzetu wanaodai kwamba fasihi hii isifundishwe hata kidogo, kwa kuwa baba yake alikuwa mbaguzi wa rangi. Ubaguzi huo haukanushiki. Wala Waafrika hawakuugundua jana: mwandishi Nnedi Okorafor aliandika waziwazi mwaka 2011 juu ya uchungu wa kupewa tuzo ya World Fantasy yenye sanamu ya kichwa cha Lovecraft, na mwaka 2015 ikatangazwa kwamba sanamu hiyo ingeachwa. Lakini kumfungia mtu mlangoni si kumhakiki. Tunapofunga mlango tunajinyima ushahidi ulio muhimu kuliko wote, nao umo katika hadithi ambayo wanaompinga hawaitaji, na wanaomsifu wangependa isahauliwe.

Hadithi hiyo ni "Winged Death". Ilitoka katika Weird Tales mwezi wa Machi 1934 kwa jina la Hazel Heald, ingawa sehemu kubwa ya maandishi ni ya Lovecraft. Sehemu yake inatendeka Uganda. Daktari mmoja mzungu anamtafuta nzi mwenye sumu wa kumuulia mshindani wake katika taaluma. Msituni mna magofu ya kale yanayohusishwa na viumbe kutoka nje ya dunia. Na wenyeji wanaamini kwamba nzi huyo huichukua roho ya anayemuuma. Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuyapita hayo kama pambo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, uliwaua watu zaidi ya 200,000 katika Busoga na pwani nyingine za Ziwa Victoria upande wa Uganda. Hapo palikuwa na kitisho cha ulimwengu kwa maana yake kamili: mdudu asiye na chuki akifuta vijiji. Mwandishi aliyekuwa na malighafi ya namna hiyo akaona kisa cha wivu wa madaktari wawili! Waliokufa hawamo. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu aliyekuwa hodari wa kuuona utupu kati ya nyota alishindwa kuwaona watu waliokuwa Uganda, na kushindwa huko si doa la pembeni katika sanaa yake. Katika "The Call of Cthulhu" vilevile, wanaomwabudu yule mungu wa kilindini wanachorwa kama watu wa damu mchanganyiko, waliovamiwa na polisi katika vinamasi vya Louisiana. Hofu ya anga na hofu ya mtu mweusi zimefumwa kwa uzi mmoja. Mwanafunzi anayeanzia hapo hulazimika kuzimeza zote mbili kabla hajajua tofauti yake.

Kundi la pili la wenzetu ndilo linalotutia wasiwasi zaidi, maana lina nia njema. Hawa husema: tusihangaike na Cthulhu, tunaye wetu. Hulitaja jambo lililorekodiwa na Bernardo Bernardi katika kitabu chake cha 1959 juu ya Mugwe wa Wameru, kwamba mkono wa kushoto wa Mugwe wa Imenti ulifichwa daima ndani ya vazi, na kwamba aliyeuona angekufa. Mwaka uliofuata Rodney Needham wa Oxford akaufanya mkono huo kuwa maarufu kwa kuupanga katika safu mbili za kulia na kushoto, akitegemea maandishi ya waliotangulia. Basi, wanasema wenzetu, kitu kisichoonwa, kinachoua kikitazamwa: hicho si kitisho cha ulimwengu?

La hasha. Mkono ule ulifichwa kwa sababu ndio uliobariki. Ulikuwa mwishoni mwa kiwiko cha mtu anayejulikana, wa ukoo unaojulikana, na kifo cha mchunguliaji kilikuwa mpaka wa agano kati yake na jamii. Kuuita mkono huo Cthulhu ni kurudia kosa la mmisheni aliyeona shetani kila palipo na siri.

Mfano mwingine unatoka katika mapokezi ya Wameru juu ya Mbwaa, kisiwa walikotawaliwa na Nguo Ntune, watu wa mavazi mekundu. Watawala hao waliwataka watoe vitu visivyowezekana. Kiatu chenye manyoya pande zote mbili kilipatikana kwa kukata ngozi ya shambwelele la ng'ombe. Mbwa mwenye pembe akatengenezwa. Lakini mkuki wa kufika mawinguni haukupatikana, na hapo watu wakaondoka. Dai lisilo na jibu halikuwatia wazimu, kama linavyowatia wahusika wa Lovecraft, liliwatia safarini.

Je, tuseme basi kwamba Meru na Embu hazina habari na kitisho hiki? Hapana. Bernardi alimwita Mugwe nabii anayefifia, na katika neno hilo ndimo jambo letu lilimo. Embu ilivamiwa na majeshi ya Waingereza mwaka 1906; kituo cha serikali cha Meru kilianzishwa mwaka 1908. Ulimwengu wa Lovecraft ulimwagwa vilivyomo na darubini. Wa kwetu ulimwagwa na bunduki, na chifu, na darasa la katekisimu, na haya yalitokea ndani ya kumbukumbu ya vizazi vichache. Mkono uliofichwa ambao hakuna tena anayengoja uinuliwe: hapo ndipo msomaji wa Imenti anapoweza kuielewa fasihi hii kwa undani kuliko msomaji wa Providence.

Kwa hiyo tunapendekeza aanze na "The Willows" ya Algernon Blackwood. Ilichapwa mwaka 1907, kati ya tarehe mbili tulizozitaja sasa hivi, na tunakiri kwamba usadifu huo unatupendeza. Wanaume wawili wanapiga kambi katika kisiwa cha mchanga ndani ya mto Danube; kuna maji, upepo na miti, basi. Hakuna orodha ya miungu ya kukariri wala kabila la kudharau. Kisha asome "The Colour Out of Space" (1927), ambayo ni kazi bora ya Lovecraft na ni hadithi ya wakulima: kimondo kinaangukia shamba, mazao yanakua makubwa ya kupendeza lakini hayaliki, mifugo inaporomoka, na familia inakufa mmoja mmoja pembeni mwa kisima chao. Asiyelima hataisoma vizuri. Baada ya hapo aingie Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi, ambazo wahakiki wetu wamezishughulikia mno kama mafumbo ya falsafa na kidogo sana kama maandishi yanayotisha. Ndipo arudi kwa Cthulhu na "Winged Death", akiwa na silaha mkononi.

Litatolewa pingamizi kwamba vitabu havipatikani. Lovecraft alifariki mwaka 1937 na Blackwood mwaka 1951, na sheria ya hakimiliki ya Kenya hulinda maandishi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Hakuna anayetuzuia kutafsiri isipokuwa uvivu. Mfasiri wa Blackwood atakutana na ugumu katika kichwa cha habari chenyewe: aandike mierebi, neno ambalo msomaji wa Runyenjes analijua kutoka katika Biblia tu, au achague mti unaoota kando ya mto Thuci na unaopiga kelele upepo unapovuma usiku? Sisi tungechagua wa pili, na tuko tayari kubishana na atakayetutetea mierebi.