Jina la Kikristo ni Lipi?

Wako wazee wenzangu, tena wa kanisani, wanaoshikilia mpaka leo kwamba mtoto akiitwa Shida au Masumbuko hajapata jina. Eti jina la Kikristo ni la Kizungu, kwa kuwa Waingereza walibatiza watoto wao kwa majina safi. Nawaomba wafungue madaftari ya parokia za Uingereza, yaliyoanza kuandikwa mwaka 1538 kwa amri ya Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII.

Humo watamkuta Creature, maana yake Kiumbe. Uzazi ulipokuwa mgumu, ikaonekana mtoto hatazaliwa hai, mkunga aliruhusiwa kumbatiza papo hapo, kabla haijajulikana ni wa kike au wa kiume. Angemwitaje? Alimwita Kiumbe wa Kristo. Wengine walizikwa na jina hilo. Lakini huko Staplehurst, katika Kent, Creature mmoja alipona, akakua, na mwaka 1579 akafunga ndoa kwa jina lile lile. Mimi sioni cha kuchekesha hapo. Namwona mkunga na maji yake, na haraka aliyokuwa nayo.

Ninaowashtaki ni wengine. Kusini mwa Uingereza baadhi ya Wapuritani, waliokataa majina ya watakatifu, waligeuza paji la uso la mtoto kuwa mimbari. Wakawaita watoto Sorry-for-sin, yaani Sikitikia-dhambi. Mwaka 1609, huko Waldron katika Sussex, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alibatizwa Flie-fornication: Kimbia-uasherati! Kosa, kama lilikuwa kosa, ni la watu wazima wawili. Adhabu akapewa mtoto mchanga, aiitikie kila anapoitwa. Hayo ndiyo majina safi?

Nami nimewahi kuishika kalamu ya namna hiyo. Nikiwa mwalimu mkuu niliandikisha darasa la kwanza binti aitwaye Masumbuko. Bila kuuliza nikaandika Grace, nikamwambia baba yake kwamba shule yangu haiandiki mikosi. Mzee yule akavua kofia.

"Sawa, mwalimu," akasema. "Ila hilo alipewa na mama yake kitandani, na kesho yake tukamzika mama huyo."

Nililiacha Grace likabaki. Binti alimaliza darasa la saba nalo.